Mwalimu na Vazi la Wasamniti

Mwalimu hakuvumilia mtu aseme "nguo tu." Mara ya kwanza nilipolitamka neno hilo nilikuwa nimekaa jikoni kwake, Kingsbury, kikombe mkononi, nikimweleza kwa nini sikwenda kwenye sherehe ya mtu fulani. Sikuwa na la kuvaa, nikasema, lakini si kitu, nguo tu. Akaweka birika chini.

"Nguo tu?" akasema. "We mtoto wa bara, watu wanakusoma mwili mzima kabla hujafungua mdomo, wewe waniambia nguo tu?"

Nikamwambia nimekosea.

"Hujakosea. Hujafikiri. Kukosea mtu hukosea baada ya kufikiri."

Chai yangu ikapoa nikisikiliza habari za mikanda, vifungo na mapindo mpaka kiza kikaingia, na sherehe niliyoikosa nikaisahau kabisa.

Mama yule sote tulimwita Mwalimu. Jina lake nadhani alilijua mpeleka barua. Unguja alifundisha, na baada ya Mapinduzi alipofika London alipitia kazi ambazo hakuzitaja sana, kusafisha maofisi alfajiri, kupanga bidhaa, huku akisoma, mpaka akafundisha historia katika shule za sekondari za hapa. Nilipomjua alikuwa ameshastaafu. Lakini alistaafu shule, hakustaafu ualimu. Ukipanda naye basi anakufundisha. Ukiugua anakuja na uji, anakaa kitandani pako na kukufundisha.

Na alichokufundisha, ukitaka usitake, ni mavazi ya wanawake wa Kisamniti.

Najua unauliza ni akina nani hao. Mimi nami niliuliza. Walikuwa watu wa kale wa milimani, kusini ya Italia, waliopigana na Warumi vita juu ya vita mpaka wakashindwa. Vitabu hawakutuachia. Wametuachia makaburi, na ndani ya makaburi, vitu vya wanawake wao: pini kubwa za mabegani, bangili za shaba zilizozungushwa kama springi ya godoro, minyororo ya kuning'iniza kiunoni, shanga za kioo na za kaharabu, ile gundi ya miti iliyogeuka jiwe. Sufu yenyewe imeoza zamani, lakini pale ilipogusana na chuma kinachoshika kutu, kutu imeishika, na ukiangalia kwa kioo cha kukuzia unaona nyuzi, moja juu moja chini. Mwalimu alikuwa akisema habari ya nyuzi zile mpaka machozi yanamlenga. Wengine tulikuwa tunatazamana.

Kisa cha kukutana nao alikisimulia kila mwaka, na kila mwaka kilikuwa kirefu zaidi. Alikuwa amepeleka wanafunzi makumbusho. Watoto wakakimbilia panga za Warumi. Yeye akabaki nyuma mbele ya picha ya ukuta wa kaburi: mwanamke wa gauni refu jeupe lenye ukingo mwekundu, mtandio mfupi mabegani, mtungi mkononi, anampokea mwanamume aliyerudi vitani juu ya farasi. "Nilidhani shangazi yangu," alisema. "Ule mtandio! Vile alivyojitanda! Nikasema, bibi, umefikaje huku?" Akaisahau saa. Mwalimu mwenzake akaja kumtafuta, akamkuta anaipigia hesabu mikunjo ya lile gauni.

Hakuwapenda wachoraji wa kaburi, hata hivyo. "Kila ukuta, mwanamume anarudi," alisema. "Huyu anarudi, yule anarudi, mke yuko tayari na mtungi wake. Na wasiorudi je? Mbona hawakuchorwa?" Mumewe Mwalimu hakufika London. Zaidi ya hapo sikujua, maana kuhusu siku za kuondoka kwao Unguja alikuwa na sheria moja, nayo aliisema wazi: "Niulize tulivaa nini, n'takwambia. Usiniulize nani alikwenda wapi." Basi tulimwuliza walivaa nini. Yeye alivaa magauni mawili, moja juu ya jingine, na buibui juu yake, kwa sababu mkoba ulikuwa mdogo na mkono mwingine alimpakata mtoto. Alitoka jasho njia nzima. Aliposhuka kwenye ndege London, upepo ukampiga, akamshukuru Mungu kwa magauni yote mawili.

Ungedhani mtu wa namna hii atapendeza. Wapi. Mwalimu alivaa sweta la kijivu lililotiwa viraka kwenye viwiko, na viatu vya shule, vile vya kamba. Alihubiri mapambo asubuhi na jioni, na yeye sikioni hana hata kipuli. Nilimtania: Mwalimu, Wasamniti wakikuona hivi watakukana. Akacheka, kisha akafunua ncha ya sketi yake kidogo. Ndani, kiunoni, amejifunga kanga mpya, rangi zinawaka, ambayo hakuna mtu London nzima angeiona. "Hii yangu," akasema. "Hili sweta ni la Waingereza."

Kwa wakati alikuwa mkali kuliko saa yenyewe. Ukichelewa darasa lake dakika chache unakuta mlango umefungwa. Lakini yeye mwenyewe kufika mahali ilikuwa bahati nasibu, kwa sababu akiwa kwenye treni macho yake yalikuwa kwenye nguo za watu. Kuna siku nilimngoja Wembley Park mpaka miguu ikafa ganzi. Kumbe alimwona mama mmoja wa Afrika Magharibi amefunga kilemba kwa fundo asilolijua, akamfuata, akashuka naye Finchley Road, akamsimamisha barabarani kumwomba amfundishe. Yule mama akakifungua kilemba chake pale pale akakifunga upya mbele yake. Mwalimu aliponifikia alikuwa na furaha ya mtoto aliyepewa puto, nami nilikuwa nimeshakasirika sana, nikashindwa hata kugomba.

Darasa lenyewe lilikuwa la Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa jumuiya karibu na Kingsbury Road. Halikuwa na cheti wala mtihani. Mimi nilikuwa nesi, nimepanga chumba Queensbury kwa familia ya Kigujarati, na nilianza kwenda kwa sababu tu ukumbi ule ulikuwa na joto na watu walizungumza Kiswahili. Wengine walikuja kwa sababu yao. Kulikuwa na mama wa duka la vitambaa, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kinanifanya nikumbuke nyumbani kuliko Watanzania wenzangu. Walikuwepo mama wawili wa Mombasa, na mstaafu mmoja wa Kisikh kutoka Nairobi aliyekuja kumsindikiza mkewe akabaki kwa utamu. Mwalimu alitufundisha kwa kushika. Hakuna picha za kupitisha tu. Sufu hii, shika. Pini hii, ifunge. Mnyororo huu, uvae kiunoni utembee nao mpaka dirishani, usikie unavyolia.

Sufu ile ilituletea visa. Alikwenda nayo dukani kwa mama wa Mwanza, rafu zimejaa hariri za sari mpaka juu, akaomba sufu nene isiyotiwa rangi.

"Mwalimu, hii unayotaka ni ya blanketi," mama wa duka akasema.

"Ndiyo. Wao walikuwa milimani."

"Basi chukua hii laini. Bei ile ile. Utampendeza nani na blanketi?"

"Sitaki kumpendeza mtu, nataka ukweli."

"Mwanamke aliyevaa kaharabu shingoni alitaka kupendeza," mama wa duka akasema. Mwalimu alinunua ile nene, lakini akaongeza na kipande cha laini kwa ajili ya mtandio.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwalimu alikuwa na nadharia, na nadharia ile alikuwa ameifungamanisha na moyo wake kiasi kwamba ukiigusa unamgusa yeye.

Pini za Wasamniti zilifanya kazi sawa na pini ya nepi, ila kubwa, za shaba au za chuma. Katika baadhi ya michoro ya wachimbaji wa makaburi aliyoisoma, pini zimelala mabegani mwa mifupa na mdomo wa pini, pale ncha inapofungiwa, umeelekea nyuma, mgongoni. Mwalimu akasema: mtu akijibana pini begani mwake mwenyewe, atauweka mdomo mbele, vidole vyake vinapofika. Ukiwa nyuma, maana yake uliofunga ni mkono wa mtu mwingine. Kwa hiyo vazi la mwanamke wa Kisamniti halivaliki na mtu mmoja. Kila asubuhi, katika kila nyumba ya milima ile, mwanamke alisimama akampa bega mwanamke mwenzake: mama, dada, wifi, jirani. "Hawakuwa na kioo," alisema. "Kioo chao alikuwa mtu."

Tulipinga? Tulipinga. Akatwambia tujaribu. Jumamosi nzima tulisimama katikati ya ukumbi, kila mmoja na kitambaa chake, tukijizungushia na kupapasa pini nyuma ya mabega. Mimi nilijichoma nikatoka damu. Mama wa duka alikizungusha kitambaa kama sari, kikamshuka. Mama wa Mombasa mmoja alikifunga kifuani vizuri kabisa, kama kanga ya kutokea kuoga, lakini mabegani ikawa hadithi nyingine. Mzee wa Kisikh aliombwa asaidie akakataa kwa heshima. Hakuna aliyeweza.

"Mmeona?" Mwalimu akasema, na uso wake uling'ara.

Basi nadharia ikathibitishwa, kwa upande wetu. Ila mimi niliyemjua nyumbani kwake nilijua ilikotoka nguvu ya nadharia hiyo.

Mwalimu alikuwa na binti mmoja, yule yule aliyempakata kwenye ndege. Alikulia London, akawa mfamasia, akaishi Stratford. Kiswahili alikielewa chote, mpaka matusi, lakini mdomo wake ulijibu Kiingereza. Walipendana, nami niliona. Kisha binti akaolewa.

Mume hakuwa tatizo. Alikuwa kijana mpole, na Mwalimu alimpenda mapema kuliko binti alivyotarajia. Tatizo lilikuwa asubuhi ya harusi. Mwalimu alikuwa ameiandaa asubuhi ile kwa miezi. Kwao bibi harusi havai, bibi harusi huvishwa. Husuguliwa singo, hupakwa hina, hufukizwa udi, na gauni huteremshwa mwilini mwake na mikono ya wanawake wanaompenda, wa kwanza mama yake. Hina binti alikubali, usiku mmoja kabla. Kuvishwa, walikubaliana tu kwamba Mwalimu atafika asubuhi. Mimi na Mwalimu tulipanda treni mapema kwenda Stratford na kikapu: udi, chetezo, marashi, asmini tuliyoitafuta London nzima. Tukagonga. Binti akafungua mlango mwenyewe. Amevaa. Gauni, viatu, nywele, wanja, kila kitu.

"Mama! Look, I'm all ready," akasema, anacheka.

Mwalimu akakiweka kikapu chini. Alihudhuria harusi, akala, akapiga picha, akambusu mkwe. Kwenye treni ya kurudi aliniambia neno moja: "Nimemkuta keshavaa." Miaka ikapita, bado alikuwa akilisema. Nikimwambia Mwalimu, msamehe mtoto, ananijibu: "Nimsamehe nini? Hakunitukana. Ila anayevaa harusi yake peke yake anakwambia hakuhitaji. Nimesikia." Wakabaki watu wa kupigiana simu Idi mbili, na salamu za mjukuu. Mimi si msomi wa makaburi, lakini niliona kwamba kabla ya harusi ile pini za mgongoni zilikuwa swali lake. Baada ya harusi zikawa sheria.

Na ilinisikitisha. Nasema wazi, ilinisikitisha sana, kwa sababu wote wawili nilikuwa nawapenda, na kila mmoja alikuwa ananiuliza habari za mwenzake kwa kuzungukazunguka.

Ndipo makumbusho madogo ya mtaa yalipomwalika Mwalimu atoe mhadhara Jumamosi moja mchana. Yeye alikuwa ameshashona vazi zima: gauni la sufu lenye ukingo mwekundu, mtandio, mkanda, mnyororo wa kiunoni, pini alizochongesha kwa fundi. Mpango wake ulikuwa rahisi. Atazungumza, kisha mbele ya watu wote atamvisha mwanamke hai, pini kwa pini, waone kwa macho yao kwamba lazima wawe wawili. Wasomi waliokuwa wakimwandikia kwa heshima kwamba nadharia yake haina ushahidi wa kutosha walikuwa wamealikwa. Mama wa duka ndiye angevishwa.

Asubuhi hiyo mama wa duka akapiga simu, homa imemlaza, sauti imekauka. Mwalimu akanitazama mimi. Mimi nikajitazama. Pini zingefika, kitambaa kisingenizunguka.

"Yupo mwenye umbo la vazi hili," nikasema.

"Simwiti."

"Sijakwambia umwite."

Nikatoka nje nikaenda kwenye simu ya barabarani, nikampigia binti. Nikamweleza. Akauliza, "Did she ask for me?"

"Hakuomba. Naomba mimi."

"OK, Auntie. Nakuja."

Akafika na koti la kazini, nywele zimelowa mvua. Mwalimu alikuwa kwenye chumba cha nyuma cha makumbusho, vazi limetandazwa mezani. Wakasalimiana. Binti akaupokea mkono wa mama yake, akaubusu, kama alivyofundishwa utotoni.

"Umekuja," Mwalimu akasema.

"Auntie called."

"Haya. Ntakuvisha mbele ya watu. Usiguse kitu mpaka nirudi, nakwenda kuswali."

Akatoka. Tukabaki wawili. Binti akalizunguka vazi lile mezani, akalishika ukingo. Nikamweleza mdomo wa pini, nyuma ya bega, kwa nini haiwezekani peke yake. Nilimweleza vizuri, nilikuwa nimeshahitimu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua koti, akalipindua gauni kifudifudi, mgongo juu, akalinganisha pindo na pindo, akapiga pini ya kwanza pale pale mezani, akapiga ya pili, akalinyanyua, akaingiza kichwa na mikono kutoka chini, likamshuka mwilini. Akafunga mkanda mbele. Akatundika mnyororo. Akajitupia mtandio. Kwa muda ule hata maji ya chai yasingekuwa yamechemka.

Midomo ya pini zote mbili ilikuwa imeelekea mgongoni.

Nilikaa kwenye kiti. Jumamosi zote zile, wanawake wazima, hakuna kati yetu aliyefikiri kuifunga nguo kabla ya kuivaa. Sisi ni watu wa kanga na vitenge na sari. Kwetu kitambaa hukutana na mwili kwanza, ndipo fundo lifuate. Tulimpa Mwalimu ushahidi wa namna tunavyovaa sisi, tukaita ushahidi wa Wasamniti.

Mwalimu akarudi. Akasimama mlangoni.

"Nani kakuvisha?" akauliza, ananitazama mimi kwa hasira.

Nikainua mikono.

"Nobody, Mama. Nimevaa."

"Haiwezekani." Akamgeuza, akazipapasa pini, moja, nyingine. "Haiwezekani. Umefanyaje?"

"You close it first. Then you get in. It's how I did my school uniform." Binti alisema taratibu, si kwa ushindi. "Vifungo vya nyuma sikuvifikia. So I used to lay it on the bed."

"Lini?"

"Every day. Primary school. Ulikuwa umeshatoka, Mama. Ulikuwa kazini."

Mwalimu aliendelea kulishika bega la binti yake, lakini pini hakuwa anaitazama tena. Msimamizi wa makumbusho akabisha, watu wameshakaa. Nikajua sasa atafanya nini: atamwambia binti avue, atamvisha mbele ya watu kama alivyopanga, na hakuna ambaye angejua. Mimi nisingesema. Nilikuwa tayari kabisa kunyamaza.

Akatoka mbele ya watu, akaweka karatasi zake mezani, hakuzifungua. Akawaambia, kwa Kiingereza chake cha darasani, kwamba kwa miaka mingi amefundisha kuwa vazi la mwanamke wa Kisamniti halivaliki na mtu mmoja, na kwamba amekosea, amejua robo saa iliyopita. Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni mzaha wa kufungulia. Akawangoja wanyamaze. Akasema binti yake atawaonyesha. Kisha akasema: "Aliligundua akiwa mtoto mdogo, kwa sababu mimi nilikuwa nasafisha ofisi za watu saa ambazo alikuwa anavaa. Miaka yote nimechunguza wanawake wa kale walivaaje asubuhi. Sikujua mwanangu alivaaje."

Binti akavua mtandio na mkanda, akalitoa gauni juu ya blauzi yake, akafungua pini, akalaza, akaanza upya mbele yao. Mnyororo ukalia kiunoni mwake, ukasikika ukumbi mzima. Waliopinga nadharia waliuliza maswali ya adabu. Mmoja alimpongeza Mwalimu kwa ushujaa, naye akamjibu kwamba ushujaa ni wa aliyelivaa, sufu ile ni nzito.

Baadaye, chumba cha nyuma, tulikuwa watatu tena. Mwalimu alikaa, ghafla akaonekana mzee. Nilitaka kuwapisha, akaniashiria nibaki.

"Gauni lako la harusi," akasema. "Zipu ilikuwa mgongoni. Niliiona."

"String," binti akasema. "Uzi. Nilifunga kwenye zipu, then I pulled it over my shoulder."

"Uzi!" Mwalimu akaanza kucheka, nami nikacheka, na binti. Kisha kicheko cha Mwalimu kikaharibika, akajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Kwa nini lakini? Kwa nini hukunisubiri, mwanangu? Nilikuja na asmini."

Binti alimtazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Mama, you used to ring me. Kila asubuhi, kutoka kazini. Ukiniuliza, 'Umeshavaa?' Nikisema ndiyo, ulifurahi sana. 'Mtoto mzuri, keshavaa.' Every single morning." Akaugusa mnyororo kiunoni. "That day I got up so early. Nilitaka ufike unikute tayari."

Mwalimu aliinuka, akamwendea, akasimama nyuma yake.

"Simama vizuri," akasema. "Nikuvue."

Binti angeweza kujivua, nilikuwa nimeshamwona. Alitulia, akainamisha kichwa, akampa mama yake bega. Mwalimu akaanza na pini ya kulia, na hakuwa na haraka yoyote.